Futi Elfu Tatu na Sitini

Kwa miaka thelathini na mmoja Ardis Sletten aliwapikia watoto wa shule ya Willow Fork, na mtu yeyote wa mji ule aliye chini ya miaka hamsini ameshakula chili yake ya Jumatano, mchuzi mzito wa nyama na maharage, pamoja na mkate wa mdalasini uliokunjwa kama konokono. Vitu hivyo viwili huko Montana huliwa pamoja, kimoja kikichovywa ndani ya kingine, na anayeshangaa ashangae zake. Ardis hakuwa mpishi wa kukadiria kwa jicho. Chumvi aliipima, unga aliupima, na msaidizi aliyethubutu kutia mdalasini kwa kiganja alihamishwa siku hiyohiyo akaoshe vyombo.

Mkono huohuo ndio uliomfanya awe fundi wa risasi. Mumewe, Norval, ndiye aliyeanza kazi hiyo ya kujaza maganda ya risasi nyumbani, lakini Norval, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa haraka. Alimwaga baruti mezani, akasahau ganda lipi ameshalijaza na lipi bado, akapiga mluzi huku akisahau. Januari moja Ardis alimsukuma kando kwa nyonga, akamwambia, "Toka hapo kabla hujatulipua," akakikalia kiti yeye. Hakukiachia tena. Kila msimu wa baridi aliyasafisha maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, akayabana kwenye mashine ndogo ya mkono yarudi umbo lake, akayatia fataki mpya ya kuwashia baruti, akapima baruti kwenye mizani chembe kwa chembe, kisha akakikaza kichwa cha risasi juu yake. Ishirini kwenye boksi, zote kama mapacha.

Kila kitu aliandika kwenye daftari la jalada jekundu: tarehe, jina la baruti, uzito wake, na upande wa kulia kabisa, mwendo wa risasi inapotoka mtutuni. Futi elfu tatu na sitini kwa sekunde. Ukifungua daftari lile ukurasa wowote utaikuta namba hiyo, imejipanga kutoka juu hadi chini. Ardis aliipenda kama watu wengine wanavyopenda picha yao ya harusi. Aliitaja kanisani wakati wa kahawa, aliitaja dukani kwenye foleni, na kuna mchungaji mgeni aliyeambiwa namba hiyo kabla hajaambiwa choo kiko wapi.

Sasa, huko porini. Kila mwisho wa Oktoba ukoo wa Sletten hupanda milimani kuwinda elki, ambaye ni ndugu yake kulungu, ila alipofinyangwa hakubaniwa udongo. Dume lake linamzidi farasi kwa vitisho. Wanakaa siku kumi kwenye kibanda cha magogo, na mkubwa wa kambi huandika orodha ya nani anawinda kilima kipi na nani yuko jikoni. Enzi za Norval, jikoni alikuwa Norval mwenyewe. Alisema mke wake anapikia vinywa mia mbili mwaka mzima, basi siku kumi hizi atapikiwa yeye. Akawa anaunguza nyama, anaita watu kwa kugonga sufuria, na Ardis anashuka mlimani na bunduki yake begani kula nyama iliyoungua. Hakuna mahali pengine duniani alipopapenda zaidi ya hapo, na hakuna chakula alichokisifia hivyo.

Norval alifariki miaka minne iliyopita, na ukubwa wa kambi ukamwangukia mdogo wake, Merle. Merle Sletten ni mtu mwema mwenye mdomo usio na breki. Mwaka wa kwanza alimwachia shemeji yake kilima chake, na wa pili, na wa tatu. Halafu likaja lile dume la mwaka jana.

Ardis maisha yake yote alipiga karibu. Yadi mia, mia na nusu, mia mbili ikizidi sana. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyojaza friza. Lakini asubuhi ile ya baridi ya kukata masikio dume lilisimama ng'ambo ya korongo, limetulia, limegeuza ubavu, na hakukuwa na njia ya kulisogelea. Merle alipima kwa kifaa chake: yadi mia nne na thelathini. "Liache, shemeji," akasema, "au lipige kama unajiamini." Ardis alijiamini. Kwenye kitako cha bunduki alikuwa amebandika karatasi ya hesabu, inayoonyesha risasi ya futi elfu tatu na sitini inashuka kiasi gani kwa kila umbali. Aliisoma, akarekebisha darubini, akaelekeza nyuma ya bega, chini, palipo na moyo. Akatulia. Akabonyeza.

Vumbi liliruka chini ya kifua cha dume. Chini kabisa, hata unywele halikupoteza. Lilitazama huku na huku kama mtu aliyeitwa jina na hajui nani amemwita, kisha likaondoka taratibu.

Merle alikirudisha kifaa chake mfukoni. Kisha akasema, kwa sauti ya upole mno, "Macho hayo, shemeji. Sote tunaelekea huko." Mkwe wa Ardis, Curtis, aliyekuwa pembeni yao, akajitia anakagua kamba za viatu.

Tangu siku hiyo Ardis akaanza kujishuku. Daktari wa macho alimwambia ana ukungu kidogo kwenye jicho la kushoto, si wa kutisha. Ardis hulenga kwa jicho la kulia, na alilijua hilo, lakini hofu haisikilizi mahesabu. Akaanza kuliziba jicho moja na kusoma kopo la maharage kutoka upande wa pili wa jikoni. Akaanza kuitazama mikono yake. Mwezi wa Mei alimpigia simu binti yake, Janelle, kule Billings, akasema kwa sauti nyepesi kama anayetoa sweta kuukuu, "Mwambie Curtis aje aichukue bunduki mwezi wa nane. Mimi nimeshawinda vya kutosha." Alipokata simu alikaa kitako kwenye ngazi ya jikoni akalia, maana alikuwa hajawinda vya kutosha hata kidogo.

Agosti ilipoingia, Merle alituma orodha ya kambi, kwa mwandiko wake wa kuku. Ardis aliibana kwenye mlango wa friji kwa sumaku. Kilima cha Mashariki: Curtis. Korongo: Merle. Na chini kabisa, Jikoni: Ardis. Kando yake Merle alichora kofia ya mpishi, akidhani anamfurahisha.

Sasa Jumatatu moja, siku sita kabla ya bunduki kuchukuliwa, Curtis alipiga simu. Curtis ni kijana wa vipimo. Anafanya kazi ya kupima barabara na hupima hata maji ya chai.

"Mama, samahani nikusumbue. Simu yangu inapiga hesabu ya risasi kushuka, lakini inataka mwendo. Mwendo wake ni kiasi gani?"

"Elfu tatu na sitini."

"Umepima?"

"Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

"Kitabuni. Kitabu cha baruti. Kila baruti ina mwendo wake mle, Curtis, wataalamu wamekaa wakapima."

"Aah," akasema Curtis.

Ile "aah" ilimkaa Ardis kooni siku nzima kama mwiba wa samaki. Ulipofika wakati wa kuosha vyombo alikuwa ameshakata shauri: kama bunduki inakwenda Billings, itakwenda na namba yake halali, imepimwa, ili mtu asimletee "aah" nyingine. Na mtu mwenye mashine ya kupima mwendo wa risasi mjini alikuwa mmoja tu.

"Mashine yangu?" Merle aliuliza Jumatano, amesimama mlangoni kwake na soksi moja. "Ile kitu ni nyeti, shemeji. Si mizani ya unga."

"Nimeiona kwenye rafu yako miaka miwili. Ulishaitumia mara ngapi?"

"Mara kwa mara."

"Merle, boksi bado lina gundi."

Merle alilitazama boksi, akalikuna. "Nilikuwa naisubiri siku yenye mwanga mzuri," akasema, na akalitoa. Ukweli ni kwamba Merle naye hujaza risasi, na kwa miaka kumi amekuwa akitangaza kwamba zake zinapita elfu tatu na mia moja. Mtu mwenye namba nzuri kama hiyo ana haraka gani ya kuipima?

Alhamisi asubuhi Ardis alikuwa peke yake kwenye uwanja wa shabaha wa klabu, na thermosi ya kahawa na boksi moja la risasi. Aliweka mashine kwenye miguu yake mitatu, hatua tano mbele ya meza, asije akaikaribia mno moshi wa mtutu ukaichanganya. Mashine yenyewe haikuwa na makuu: kiboksi chenye kioo cha namba na macho mawili yanayotazama juu, moja mbele na moja nyuma, na juu ya kila jicho tao la waya lenye kipande cheupe cha kuchuja mwanga. Risasi ikipita juu ya jicho la kwanza saa inaanza, ikipita juu ya la pili inasimama. Yeye aliyasoma maelekezo yote, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusoma maelekezo, au ndivyo alivyojiona mpaka siku hiyo. Mstari mmoja ulikuwa na herufi nene: mtutu uko chini ya darubini, kwa hiyo risasi hupita chini kuliko jicho linavyodhani; hakikisha inapita juu ya kiboksi, isipite ndani yake. Akainama nyuma ya mtutu, akachungulia, akairekebisha mashine hadi aliporidhika.

Akapiga ya kwanza. Kioo kikaonyesha 2,771.

"Pumbavu," Ardis akaiambia mashine, kwa upole.

Akapiga ya pili. 2,763. Wingu likapita na mashine ikaandika kosa, ikakataa kusema chochote, na hapo Ardis alifurahi kweli. Mashine ya watu, inaogopa wingu. Akanywa kahawa, akasubiri jua, akapiga zote kumi. Ya chini kabisa ilikuwa 2,758 na ya juu kabisa 2,781. Hakuna hata moja iliyofika elfu tatu, wala iliyojaribu.

Alikuwa na jinsi ya kuisuta. Kwenye gari kulikuwa na bunduki ndogo ya kuulia panya buku, na risasi zake za dukani, ambazo boksi linasema wazi futi elfu moja na sabini. Kama mashine ni mwongo, itadanganya na hapa. Akapiga tano. Elfu moja sitini na nane. Elfu moja sabini na nne. Elfu moja na sabini kamili. Ardis alikaa kwenye benchi, bunduki ndogo mapajani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akalitazama lile daftari jekundu kama mtu anayemtazama jirani aliyemkuta na kuku wake.

Nyumbani alifungua kitabu cha baruti juu ya meza ya jikoni. Ukurasa ule aliujua kwa kichwa; kona yake ilikuwa na doa la siagi. Baruti ile, uzito ule, elfu tatu na sitini. Kisha akavaa miwani ya karibu, ile ambayo hujifanya haihitaji, akaanza kusoma tangu juu kabisa, kwenye herufi ndogo za kijivu ambazo macho yake yalizoea kuziruka. Pale paliandikwa bunduki iliyopimiwa: mtutu wa inchi ishirini na sita.

Aliingiza ufito wa kusafishia mtutuni hadi ulipogota, akauwekea alama ya kidole, akaulaza kwenye rula. Ishirini.

Na hapo akakumbuka. Mwaka aliokuwa na mimba ya Janelle hakupanda mlimani, na Norval aliichukua bunduki yake. Norval aliteleza kwenye barafu, mdomo wa mtutu ukagonga jabali, na fundi mjini akaukata inchi nne, kutoka ishirini na nne hadi ishirini, kuuondoa ubovu. Norval aliirudisha imefungwa utepe mwekundu, akisema sasa ni nyepesi kuibeba. Ardis aliipokea, akacheka, na daftarini akaendelea kuandika elfu tatu na sitini. Kisha miaka kumi na miwili iliyopita bega lilimsumbua, akapunguza baruti kidogo. Alipunguza baruti, hakupunguza namba.

Alisimama katikati ya jikoni. Kwa miaka yote ile ya kupiga karibu kosa hilo lilikuwa halijamdhuru mtu. Kwa yadi mia na nusu risasi ya pole na risasi ya kasi zote zinafika palepale. Lakini kwa mia nne na thelathini? Akafunua majedwali nyuma ya kitabu, akachukua penseli. Akaanza kupiga hesabu. Kisha akasimamisha penseli, maana kulikuwa na jambo moja zaidi. Asubuhi ile ya mwaka jana ilikuwa baridi kiasi kwamba ndevu za Merle ziliganda, na leo Ardis alikuwa amepiga risasi zilizokaa juani Agosti. Baruti ikiwa baridi huwa mvivu. Basi akachukua risasi kumi, akazifunga kwenye mfuko, akazilaza ndani ya friza kati ya njegere na nyama ya mwaka juzi.

Ijumaa alirudi uwanjani na kiboksi cha barafu, kile cha kubebea soda siku za pikiniki. Merle alikuwa ameshafika, amekuja kuangalia kama mashine yake ingali hai.

"Umeleta bia, shemeji?"

"Nimeleta risasi."

Merle akafunua kifuniko, akaona risasi zimelala kwenye barafu kama samaki. "Sasa umepotea kabisa," akasema. "Za kuchemsha au za kukaanga?"

Ardis hakumjibu. Alitoa moja moja, akapiga upesi kabla haijapata joto. Merle akawa anasoma kioo kwa sauti, mwanzoni kwa kejeli, kisha kwa kawaida, kisha polepole. Elfu mbili mia saba na sita. Mia saba na moja. Mia saba na tano.

"Elfu tatu na sitini iko wapi?" akauliza.

"Haikuwepo. Haikuwahi kuwepo." Ardis alitoa karatasi ya penseli mfukoni. "Nilizipigia hesabu jana nikikisia, na nilikuwa karibu. Kwa mwendo huu, yadi mia nne na thelathini, risasi inashuka inchi tisa zaidi ya ile karatasi yangu inavyosema. Tisa, Merle. Shibiri. Mimi nililenga moyo. Toa shibiri moja chini ya moyo wa elki, unafika wapi?"

Merle aliangalia juu, akampima dume hewani kwa kiganja. "Vumbini," akasema. "Palepale lilipoenda."

"Palepale."

"Basi hukukosa."

"Nilikosa. Ila risasi ilikwenda nilikoituma." Akaikunja karatasi. "Mwaka mzima nimesoma makopo ya maharage kwa jicho moja kwa sababu yako, mshenzi wewe."

"Mimi sikusema kitu kuhusu maharage." Merle alivua kofia, akaivaa. Alikuwa ameumia kweli, na Merle akiumia hukimbilia ubishi. "Sikiliza. Labda wewe yako ni kitabu. Yangu mimi ni elfu tatu na mia moja na zaidi, hiyo najua."

"Uliipima?"

"Naihisi begani."

"Aah," akasema Ardis. Utamu wa neno lile ulimtoka mdomoni kama asali.

Merle akaenda garini kuchukua bunduki. "Ikisoma chini ya elfu tatu na mia moja," akasema huku akipakia, "nitapika mimi kambini. Siku kumi. Na aproni."

"Na aproni?"

"Yenye maua."

Akakaa, akapiga. Kioo kikasoma 2,948. Merle alisema ni wingu. Hakukuwa na wingu. Alisema mashine imelegea, akaenda akaipandisha kidogo, akaikaza, akarudi kwa hasira na haraka. Ardis aliyaona yale matao yameinuka. "Merle, chungulia mtutuni kwanza," akasema, "maelekezo yanasema—"

"Nimeyasoma maelekezo."

Kwenye darubini yake Merle aliona shabaha safi kabisa, imekaa katikati ya matao kama picha kwenye fremu. Ila risasi haitoki kwenye darubini. Ilitoka chini yake, kwenye mtutu, ikakipata kiboksi katikati ya macho mawili, na kile kioo kikaruka hewani na kutua kwenye nyasi mbele ya miguu ya Ardis. Kiliendelea kuwaka kwa muda mfupi. Kilikuwa bado kinasema 2,948.

Ardis alicheka hadi akashika meza. Merle alitaka kununa lakini akashindwa, akaanza na yeye, na wote wawili wakawa wanapangusa machozi kwa mikono iliyojaa masizi. "Miaka miwili nimeitunza," Merle akasema. "Miaka miwili, shemeji."

Jumapili, baada ya ibada, Curtis na Janelle walifika wakiwa na kasha jipya la bunduki. Curtis alilifungua juu ya meza ya jikoni ili aonyeshe. Ndani kulikuwa na sponji nyeusi, na kwenye sponji alikuwa amekata umbo la bunduki ya Ardis, kwa vipimo vya picha, kitako na darubini na mtutu mfupi, kazi safi sana. Ardis alilitazama lile tundu lenye umbo la bunduki yake, na moyo ukamshuka hadi kwenye viatu. Alimpenda kijana yule. Hakujua aanzie wapi.

"Twende uwanjani kwanza," akasema. "Nataka mwone inavyopiga."

Uwanja wa klabu una bamba la chuma kule mwisho, yadi mia nne na thelathini na mbili, pana kama sinia ya mikate. Merle alikuwapo, amekuja bila kualikwa. Ardis alilala nyuma ya bunduki, kwenye kitako chake karatasi mpya yenye namba ya kweli. Akatoa risasi kwenye kiboksi cha barafu. Janelle alimtazama mumewe, Curtis akatikisa kichwa kwamba hata yeye hajui.

Ardis alivuta pumzi, akaitoa nusu. Aliogopa, nisiseme uongo. Hesabu ni hesabu na jicho ni jicho, na hili ndilo lililokuwa likipimwa sasa. Akabonyeza. Ukimya, kisha kutoka kule mbali ikarudi sauti ya chuma, ndogo na safi. Akapiga ya pili, chuma kikaitika. Ya tatu vilevile.

Curtis alikuwa kwenye darubini ya miguu mitatu. Hakuinua kichwa haraka. "Zote tatu ungezifunika kwa kiganja, mama," akasema. Kisha akaiacha darubini, akamgeukia.

"Curtis," Ardis akaanza, "ile siku ya mwaka jana—"

"Merle alinipigia," Curtis akasema. "Ijumaa. Aliniambia kuhusu inchi tisa." Akajikuna shingo. "Nilikuja na kasha kwa sababu sikujua la kusema. Kasha unaweza kulichukua wewe, mama. Nimelikata kwa kipimo chake, halifai bunduki nyingine."

Janelle akasogea karibu. Alimkumbatia mama yake pale kwenye vumbi, na Ardis, ambaye si mtu wa kukumbatiwa mbele ya watu, akamwacha amkumbatie.

Waliporudi nyumbani palikuwa na pai ya rubabu, yale mabua machachu ya bustanini, na kahawa. Ardis aliichukua kalamu, akasimama mbele ya friji. Kwenye kilima cha Mashariki, chini ya jina la Curtis, akaandika jina lake mwenyewe. Kisha akashuka hadi Jikoni, akalifuta lake, akalihamishia hapo la Merle kutoka Korongo, na ile kofia ya mpishi akaiacha ilivyo. Akafungua daftari jekundu kwenye ukurasa mpya na upande wa kulia akaandika 2,704, baridi.

Merle alisoma orodha ile huku akitafuna. Akaisoma tena. Uso ulimbadilika, maana dau ni kitu kimoja na siku kumi za vinywa saba ni kingine.

"Shemeji," akasema, "ile chili yako ya Jumatano. Hivi unatia nini na nini?"

"Kitabu cha mapishi kiko juu ya rafu," Ardis akamwambia, akijikatia kipande cha pili cha pai. "Anzia kwenye herufi ndogo."